Nani Atakutolea Ushahidi Kwamba Wewe Ni Wewe?

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi, walimu na wageni waalikwa. Tunaichapisha yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa kuzungumza juu ya nafsi, na hasa juu ya swali ambalo wanafalsafa wamelihangaikia kwa karne nyingi: ni nini kinachomfanya mtu wa leo awe ni yule yule wa jana? Najua kwamba swali hili, likiulizwa kavu namna hiyo, linafanana na mchezo wa watu waliokosa kazi. Nani kati yetu aliyeamka leo asubuhi akajiuliza kama yeye ndiye aliyelala usiku? Kwa hiyo sitaanzia kwa wanafalsafa. Nitaanzia mahakamani, kwa sababu huko ndiko swali hili linakoacha kuwa mchezo, na naomba mnivumilie nikikaa muda mrefu kidogo katika kesi moja ya kale.

Kusini mwa Ufaransa, karibu na milima ya Pyrenees, kuna kijiji kiitwacho Artigat. Mwaka 1548 mkulima kijana wa kijiji hicho, Martin Guerre, alituhumiwa kumwibia baba yake nafaka, akaondoka bila kumuaga mtu, akamwacha mkewe Bertrande de Rols na mtoto mdogo wa kiume. Miaka minane ikapita pasipo barua wala salamu. Kisha mwaka 1556 akatokea mwanamume aliyesema kwamba yeye ndiye Martin. Dada zake Martin wanne wakamtambua. Baba mdogo, Pierre Guerre, akamtambua. Bertrande naye akampokea, wakaishi pamoja kwa takriban miaka mitatu, wakazaa. Mgeni huyo aliwasalimia wanakijiji kwa majina yao, akawakumbusha mambo waliyoyafanya pamoja zamani, na mambo ya chumbani ambayo mtu wa nje hangeyajua.

Ugomvi ulianzia kwenye mali, kama ugomvi mwingi wa familia. Mgeni alidai hesabu ya mapato ya mashamba ambayo Pierre aliyasimamia wakati Martin hayupo, na ghafla Pierre akaanza kuona kwamba huyu si mtoto wa kaka yake. Mwaka 1560 kesi ilisikilizwa katika mji wa Rieux mbele ya mashahidi zaidi ya 150. Wapo walioapa kwamba mshtakiwa ni Martin. Wapo walioapa kwamba ni tapeli kutoka kijiji kingine, aitwaye Arnaud du Tilh. Na lilikuwepo kundi kubwa, ambalo mimi nalipenda kuliko yote, la watu waliokataa kuapa upande wowote. Fundi viatu wa kijiji alieleza kwamba kipimo cha mguu wa Martin alichokuwa nacho zamani kilikuwa kikubwa kuliko mguu wa mtu huyu. Mshtakiwa alihukumiwa kifo, akakata rufaa kwenye mahakama kuu ya Toulouse, na huko jaji Jean de Coras, mwanasheria msomi, alikuwa anaelekea kumwachia huru. Ndipo akaingia mtu mwenye mguu wa mti, akasema: Martin Guerre ni mimi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Majaji waliwauliza wote wawili maswali ya siri kuhusu maisha ya zamani ya Martin, na yule tapeli alijibu vizuri zaidi. Naam, alijibu vizuri zaidi! Martin mwenyewe, aliyekuwa amepigana katika jeshi la Uhispania na kupoteza mguu vitani, alikuwa amesahau baadhi ya mambo ambayo Arnaud alikuwa amejifunza kwa bidii. Kilichoamua kesi ni kwamba dada zake, mmoja baada ya mwingine, walipomwona yule kilema walimkumbatia, na Bertrande naye alianza kutetemeka na kuomba msamaha. Martin hakumpokea kwa upole. Alimwambia kwamba wengine wangeweza kudanganyika, lakini mke alipaswa kujua. Mnamo Septemba 1560 Arnaud alinyongwa mbele ya nyumba aliyoishi kama bwana wake.

Tutazame mashahidi waliokuwepo. Shahidi wa kwanza ni mwili, na mwili wa Martin ulirudi ukiwa umepungua mguu mmoja. Shahidi wa pili ni kumbukumbu, na kumbukumbu ilikaa kichwani mwa mtu asiyehusika. Shahidi wa tatu ni watu, na watu walikosea kwa miaka mitatu. Montaigne, mwandishi mashuhuri wa Ufaransa wa karne hiyo hiyo, aliitaja kesi hii akaona kwamba Coras alikuwa jasiri kupita kiasi kumnyonga mtu kwa jambo gumu namna ile, na akakumbusha habari ya majaji wa kale wa Athens ambao, waliposhindwa kuamua shauri, waliwaambia wahusika warudi baada ya miaka 100. Mimi namwelewa Montaigne. Lakini familia ya Artigat haikuwa na miaka 100 ya kusubiri. Kulikuwa na mashamba, watoto, na kitanda kimoja.

Ndugu zangu, miaka 134 baada ya kesi hiyo mwanafalsafa Mwingereza John Locke, ambaye pia alisomea udaktari, alichapisha toleo la pili la kitabu chake kikubwa juu ya akili ya binadamu na kuongeza humo sura mpya kuhusu swali letu. Jibu lake lilikuwa la kijasiri. Alisema mtu, kwa maana ya nafsi inayowajibika, si mwili wake wala roho yake. Nafsi inafika pale ufahamu wake unapofika: kitendo ninachoweza kukirejea moyoni na kukikiri kuwa changu, hicho ni changu, nisichoweza kukifikia kwa ufahamu, hicho si cha nafsi yangu. Alitoa mfano wa mwana wa mfalme ambaye ufahamu wake, pamoja na kumbukumbu zote za maisha ya kifalme, unahamia katika mwili wa fundi viatu. (Sijui wanafalsafa na majaji wana nini na mafundi viatu.) Majirani watamwona fundi wao wa siku zote, asema Locke, lakini nafsi iliyomo ni ya mwana wa mfalme, naye ndiye atakayejibu kwa matendo ya mwana wa mfalme.

Kwa Locke, tunataka kujua huyu ni nani kwa sababu tunataka kujua nani alipwe na nani aadhibiwe. Alikuwa anaitazama Siku ya Hukumu, siku ambayo siri za mioyo zitafunuliwa na hakuna atakayehukumiwa kwa jambo asilolijua. Na alipoulizwa kuhusu mlevi anayetenda kosa kisha akalisahau, alijibu kwa unyofu: mahakama za dunia humwadhibu kwa haki, kwa sababu kosa limethibitika, ilhali kusahau kwake hakuwezi kuthibitishwa.

Je, kukiweza kuthibitishwa? Hapo ndipo tunapomkuta Vernon Madison.

Mwaka 1985, katika mji wa Mobile, jimbo la Alabama, Marekani, Madison alimuua askari polisi, akahukumiwa kifo. Alikaa gerezani miaka mingi akisubiri. Mwaka 2015 na 2016 alipatwa na kiharusi mara kadhaa, ubongo wake ukaharibika, akawa na ugonjwa wa kusahau. Mawakili wake walieleza kwamba hakumbuki kabisa kumuua yule askari. Swali lililofika Mahakama ya Juu ya Marekani ni lile lile la Locke, ila sasa lilikuwa na tarehe ya kuuawa nyuma yake: mtu asiyeweza kulifikia kosa lake kwa ufahamu anaweza kuuawa kwa kosa hilo?

Mahakama ilitoa uamuzi tarehe 27 Februari 2019, majaji watano dhidi ya watatu, na hukumu iliandikwa na Jaji Elena Kagan. Ilisema kwamba kusahau peke yake hakumwondolei mtu adhabu. Hakuna mtu aliye hai leo anayekumbuka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, lakini mtu anaweza kuvielewa vizuri sana bila kuvikumbuka. Vivyo hivyo mhalifu aliyesahau anaweza bado kuelewa kwa nini jamii inamwadhibu. Lakini, ikaongeza, ikiwa ugonjwa umemfikisha mahali ambapo hawezi tena kuielewa sababu ya adhabu yake, basi Katiba inakataza asiuawe. Shauri likarudishwa Alabama lichunguzwe upya. Madison alifia gerezani Februari 2020, kabla adhabu haijatekelezwa.

Mnaona walichokifanya majaji? Walimkatalia Locke nusu, wakamkubalia nusu. Walisema nafsi haishikiliwi na kumbukumbu, ila haiwezi pia kuwa kivuli kisichoelewa kinachoambiwa. Walichokitaka si mtu anayekumbuka. Walitaka mtu anayeweza kuitwa akaitika.

Naomba mlishike neno hilo, kuitwa na kuitika, kwa sababu ndilo ninalotaka kulisema jioni hii. Tumezoea kuitafuta nafsi kama kitu kilichofichwa mahali fulani, ama ndani ya mwili, ama ndani ya kumbukumbu, ama ndani ya roho. Mimi nadhani nafsi ni jambo linalotendeka kati ya pande mbili: wapo wanaoniita kwa jina langu, wakinidai niliyoyaahidi na niliyoyatenda, na nipo mimi ninayeitika na kusema, naam, ni mimi. Arnaud alishindwa hapo, pamoja na kumbukumbu zake zote nzuri: aliitika wito usiokuwa wake.

Mtaniuliza, na mtu asiyeweza kukumbuka anaitikaje? Nitawajibu kwa habari ya mtu wa pili wa Marekani. Henry Molaison alikuwa na kifafa kikali. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, alipasuliwa kichwa mjini Hartford na daktari William Scoville, ambaye aliondoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya ile iitwayo hipokampasi. Kifafa kilipungua sana, lakini kuanzia siku hiyo Henry hakuweza kuhifadhi kumbukumbu mpya. Alimsahau mtu aliyetoka chumbani dakika chache tu zilizopita. Mtaalamu Brenda Milner alimfunza kuchora nyota akiitazama kwenye kioo tu, kazi ngumu kwa yeyote, na Henry akawa hodari siku hadi siku huku kila siku akidai kwamba hajawahi kuifanya. Mkono ulijua, yeye hakujua kwamba anajua.

Kwa kipimo cha Locke, Henry wa Jumanne hakuwa Henry wa Jumatatu. Je, hivyo ndivyo waliomjua walivyomwona? Hata kidogo. Waliofanya naye kazi kwa miongo mitano walimwona mtu mmoja: mpole, mwenye adabu na mzaha, ambaye mara kwa mara alieleza matumaini kwamba yatakayojulikana kutokana naye yatawasaidia wengine. Hakukumbuka kwamba alikwisha kulisema hilo, na kila alipolisema lilitoka upya. Alipofariki Desemba 2008, akiwa na miaka 82, ndipo dunia ilipoambiwa jina lake kamili, kwani vitabu vilikuwa vimemtaja kwa herufi mbili tu. Ninasema Henry aliitika hadi siku zake za mwisho. Alichokosa ni uwezo wa kujitunzia hadithi yake, na hadithi hiyo ikatunzwa na wengine.

Wapo watakaosema kwamba ninahangaika bure, kwa kuwa nafsi haipo. Mwanafalsafa wa Uskoti David Hume, mwaka 1739, aliandika kwamba kila alipojitazama ndani alikuta hisi moja moja, joto au baridi, upendo au chuki, asimkute kamwe mwenye hisi hizo. Mwaka uliofuata alikiri katika nyongeza ya kitabu chake kwamba maelezo yake hayakumridhisha. Sitakaa hapo. Mtu anayetafuta mwenye nyumba kwa kuchungulia vyumba bila kuita, asishangae asipojibiwa.

Mzito zaidi kwangu ni Ibn Sina, mwanachuoni aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 980 na kufariki Hamadan mwaka 1037. Yeye alitutaka tufikirie mtu aliyeumbwa mara moja akiwa kamili, anaelea hewani, macho yamezibwa, viungo vimetengana visigusane, hana analoliona wala kulisikia wala kulihisi. Je, mtu huyo atajua kwamba yupo? Ibn Sina anasema ndiyo, atajua, ingawa hajui kama ana mkono au moyo. Kwa hiyo nafsi haihitaji shahidi wa nje, wala haihitaji kuitwa na mtu.

Hoja hiyo ni nzuri mno, na sithubutu kuipuuza. Lakini tuulize: mtu yule anayeelea anajua nini hasa? Anajua kwamba yupo. Hajui kama yeye ni Martin au Arnaud. Hajui ni mtoto wa nani, hana deni, hana ahadi, hana jina. Ibn Sina amethibitisha kwamba kuna mtu ndani. Hakuthibitisha ni mtu gani. Na majaji wa Toulouse hawakuwa na shaka kwamba mbele yao kuna mtu. Walitaka kujua ni yupi.

Ili kujua ni yupi, tunawahitaji wengine, na hapa tunarudi nyumbani. Mwaka 1969 Mkenya John Mbiti, mwanatheolojia aliyefundisha Makerere, alichapisha kitabu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika ambamo aliandika kauli iliyozunguka dunia nzima: mimi nipo kwa sababu sisi tupo, na kwa kuwa sisi tupo, basi nami nipo. Wazee wetu walikwisha kusema kwa ufupi kwamba mtu ni watu. Kauli hiyo ya Mbiti inanukuliwa hadi imechakaa. Ninayoipenda zaidi haitajwi sana. Mbiti alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya nguzo za maelezo yake kuhusu wakati. Aliyefariki, alisema, habaki nje ya Sasa mara moja. Maadamu yupo mtu hai aliyemjua kwa sura na kumtaja kwa jina, yeye bado ni mtu, ni marehemu aliye hai. Anapokufa wa mwisho aliyemjua, pengine baada ya vizazi vinne au vitano, ndipo anapozama katika Zamani.

Tazameni tofauti yake na Locke! Wote wawili wanaifunga nafsi kwenye kumbukumbu. Lakini Locke anauliza: unakumbuka nini? Mbiti anauliza: nani anakukumbuka? Na ninakiri kwamba marehemu wa Mbiti ananipa taabu, kwa sababu yeye anaitwa na hawezi kuitika, angalau si kwa sauti ambayo mahakama ingeipokea. Hata hivyo watu wanaommiminia kinywaji hawadhani kwamba wanazungumza na kumbukumbu zao wenyewe. Wanadhani anasikia. Sitajifanya nimelimaliza jambo hilo.

Kuna hatari pia, nayo ni kubwa kuliko taabu. Mwaka 1984 Mnigeria Ifeanyi Menkiti, mshairi na mwanafalsafa, aliipeleka hoja ya Mbiti mbali zaidi. Alisema utu si kitu mtu anachozaliwa nacho. Ni kitu anachokipata hatua kwa hatua kwa kulelewa na jamii na kutimiza wajibu wake, na anaweza kushindwa kukipata. Mtoto mchanga bado hajafika. Mghana Kwame Gyekye alimpinga: jamii humlea mtu, alisema, lakini haimuumbi, akili na uwezo wa kuchagua mema anakuja navyo. Mimi namfuata Gyekye, na sababu yangu ni Artigat. Jamii nzima iliweza kukosea. Na jamii inayoweza kukosea kwa kumpokea asiye wake inaweza pia kukosea kwa kumkana aliye wake. Ni wangapi wametengwa na ndugu kwa sababu ya tuhuma za uchawi, au ugonjwa, au ndoa isiyopendwa? Ni wangapi waliambiwa, wewe si mwenzetu tena? Tukisema mtu ni watu na tukaishia hapo, watu hao tunawaambia kwamba wamekwisha. Kuitwa peke yake hakutoshi, kama vile kuitika peke yake kusivyotosha.

Ndiyo maana siwezi kuondoka bila kusema ninamwonaje Madison, kwa sababu nimemtumia kama mfano na si haki kumwacha hivyo. Nadhani mahakama ilikuwa sahihi kusema kwamba kusahau hakumfanyi kuwa mtu mwingine. Familia ya yule askari haikusahau, na deni halifutiki kwa sababu mdaiwa amepoteza daftari. Lakini nadhani mahakama haikufika mwisho wa hoja yake yenyewe. Ikiwa kinachomfanya mtu awe wa kuadhibiwa ni uwezo wake wa kuitika, wa kuelewa, kujuta na kujibu, basi uwezo huo huo ndio ambao kumuua kunauzima. Unamwita mtu ajibu, kisha unahakikisha kwamba hatajibu tena. Na kwa mtu ambaye ubongo wake unamtoka kidogo kidogo, nadhani tulichobakiwa nacho ni wajibu wetu sisi wa kuendelea kumwita kwa jina lake, hata siku ambazo haitiki, kama waliomzunguka Henry walivyofanya kwa miaka 55.

Najua kwamba wanasheria waliokaa mstari wa mbele wametikisa vichwa mara mbili nilipokuwa nasema haya. Mwenyekiti, naomba maswali yaanzie kwao.